Upinde wa Baba Mkwe Nilioupasua

Ukoo wa mke wangu unanicheka mpaka leo. Nikiinua hata chupa ya bia, shemeji mmoja atasema tu, "Polepole, fundi, isikuponyoke!" Ninacheka nao. Nitafanya nini? Lakini moyoni naona haya ileile, wala haijapungua.

Enzi zile za Zaïre nilikuwa fundi cherehani mjini Bukavu, tena nilijiona sana. Nilishona abakosi, yale makoti ya kuvaa bila tai ambayo kila mwanamume aliyetaka heshima alikuwa nayo. Mwili wangu ulikuwa mwembamba, basi yangu niliijaza pamba mabegani mpaka nikaonekana mtu wa maana. Kwetu ni Nyantende, watu wa jembe, maharage na ndizi. Binti niliyempenda alitoka kwa wawindaji wa Mwenga, walioshuka mjini na kupanga nyumba Kadutu.

Ukoo ule ulikuwa na desturi zake mbili za ndoa. Ya kwanza ni ya siku ya kujitambulisha: mchumba anapewa upinde wa nyumba, anauvuta mbele ya wazee, anaushikilia kidogo, kisha anaurudisha polepole. Anauvuta mtupu, kwa sababu kushika mshale sebuleni kwa wakwe ni matusi. Akifanya vizuri, akina mama nyuma ya pazia wanapiga vigelegele. Ya pili ni ya siku ya arusi: baba anamwekea binti yake kipande cha kwanza cha nyama ya pori kwenye sahani, na kumwambia, "Nimekuwindia mimi mwenyewe." Baba mkwe alikuwa amewaozesha mabinti wawili kabla ya huyu, na wote aliwaambia hivyo.

Shida ilikuwa bega lake. Lori la Mwenga lilikuwa limemwangusha kwenye utelezi, na bega la kulia halikupona sawasawa. Upinde wake wa mti, ule wa ujana wake, hakuweza tena kuuvuta hadi mwisho. Ila alikuwa na upinde mwingine. Mzungu mmoja aliyezunguka naye porini alimwachia alipokuwa akirudi kwao: upinde wa ajabu, una magurudumu madogo kwenye ncha zake na nyaya zinazopishana. Unapoanza kuuvuta ni mzito, halafu ukifika mwisho unalegea mkononi, hata mtu mwenye bega bovu anaweza kuushikilia na kulenga. Kwa huo alikuwa bado mwindaji.

Haya yote niliyajua. Mchumba wangu aliniambia mapema, tukiwa tumesimama nje ya kanisa. "Siku ile utaona pinde mbili ku ukuta. Kamata ile ya muti. Ile ya magurudumu usiguse, unasikia? Papa anaitunza aende nayo kuniwindia nyama ya arusi."

"Nimesikia," nikamjibu.

Basi siku ikafika. Sebule ilijaa, kasiksi, ile pombe ya ndizi, ikazunguka, na wazee wa kwetu walikaa upande mmoja wakijisikia wageni. Baba mkwe akaonyesha ukutani kwa mkono, akasema, "Mutoto, chagua." Kwa heshima tu! Kila mtu alijua ni upi wa kuchagua. Nikaunyoosha mkono kwa ule wa mti. Ulikuwa mfupi, mweusi kwa moshi. Hapo kaka mmoja wa mchumba akacheka: "Angalia mutu wa jembe! Anakamata ile ya batoto."

Wee! Damu ilinipanda. Huyo kaka alikuwa ananitania tu, ndivyo mashemeji walivyo. Lakini mimi na mabega yangu ya pamba sikuvumilia. Mkono ukauacha ule wa mti, ukapanda, ukashusha ule wa magurudumu. Nilimwona baba mkwe akifungua mdomo, kisha akaufunga. Mgeni hakatazwi mbele ya wazee wake.

Nikavuta. Ulikuwa mzito kweli, mishono ya kwapani ikalia. Halafu ghafla uzito ukapotea, uzi ukatulia shavuni mwangu, mwepesi kabisa. Nikafurahi mno. Nikageuza shingo niwatazame akina mama wa pazia, nikatabasamu, na vigelegele vikaanza. Nikasema sasa nirudishe. Hapo ndipo uzito ulioondoka uliporudi wote kwa mpigo mmoja, ukaninyang'anya uzi vidoleni, ukafyatuka bila mshale wa kubeba ile nguvu.

Pa! Yesu na Maria! Nyumba nzima iliruka. Waya ulinichapa mkononi, kibuyu cha kasiksi kikapinduka, na mzee mmoja wa kwetu akajikuta chini ya meza. Vigelegele vilikatika palepale. Abakosi yangu ilikuwa imepasuka begani, pamba inaning'inia nje.

"Umeumia?" Hilo ndilo neno la kwanza la baba mkwe.

"Hapana, papa. Iko uzi tu umetoka. Ngoja nivute tena, utaona iko muzima." Nikaushika kweli, nikitaka kuvuta tena! Akanikamata kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Acha. Ikipasuka sasa, itakutoa macho."

Akauchukua, akakaa nao magotini. Alizungusha gurudumu moja moja kwa kidole. Kisha akanyoosha mkono, akachomoa pamba kwenye bega langu, mbele ya watu wote, si kwa kunidhihaki, alihitaji pamba tu. Akaipitisha taratibu juu ya mkono wa juu wa upinde, toka shikio hadi ncha. Ikapita safi. Akaipitisha juu ya mkono wa chini. Katikati ikanasa. Akaivuta, ikaacha nyuzi nyeupe zimesimama mahali ambapo jicho halikuona ufa. Akaminya kidogo kwa gumba, na sote tukasikia ukilia ndani.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikasema, "Papa, mimi ni fundi, nitafunga na uzi wa nguvu." Mtu mzima, nikasema hivyo! Aliwageukia wazee wa kwetu, akawaambia kwa upole, "Kosa ni yangu. Nilisahau kumuambia mutoto namna ya kuishusha. Batoto, mutuletee kasiksi ingine."

Pazia lilikuwa wazi kidogo. Mchumba wangu alikuwa amesimama pale, na alikuwa amemsikia baba yake akibeba kosa ambalo si lake. Alinitazama tu. Angenitukana ningepona.

Mazungumzo yakaendelea, nikakubaliwa. Wiki chache baadaye nilipita Kadutu kupima gauni la arusi. Kufika uani nikamkuta baba mkwe peke yake, kanipa mgongo. Alikuwa na ule upinde wa mti na mshale mmoja. Alivuta, ukafika nusu, bega likagoma, akaurudisha. Akapumua. Akavuta tena, ukafika palepale. Alibadilisha mkono, akajaribu wa kushoto, mshale ukamwangukia miguuni. Ilikuwa nimsalimie, nimpigie magoti, niseme neno. Nikarudi barabarani kwa vidole vya miguu, nikangoja, kisha nikaja tena nikikohoa kwa sauti. Alikuwa ameshautundika.

Siku ya arusi sahani ikaletwa. Watu wa Mwenga walisogea karibu, maana walikuwa wanalingoja lile neno. Baba mkwe akasimama, akachagua kipande kizuri, akakiweka mbele ya binti yake. Midomo yake ikacheza. Halafu akasema, "Kula, mama," basi, akabaki amesimama na uma mkononi.

Mke wangu akaweka kipande mdomoni. Akatafuna bila haraka, akameza, akamwinulia baba yake uso.

"Aksanti, papa," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Nyama ya pori iko tamu."

Akina mama wa kwao, ambao wanajua nyama, walipiga vigelegele vya nguvu kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Mzee akakaa chini, akajifuta uso. Kisha sahani ileile ikaja kwangu. Ilikuwa nyama ya mbuzi. Nilimnunua mimi mwenyewe sokoni Kadutu asubuhi ile, na nilimtafuna bila kuinua macho.