Kilo Mbili za Sukari, Saint-Malo

Dorothea alifika Ufaransa na khanga mbili, rozari, na kilo mbili za sukari alizonunua mtaani kwake Alief, Houston. Ofisa wa forodha aliitazama sukari, akamtazama mwenyewe, akaamua kuwa yako mambo serikali haina haja ya kuyajua.

Alikuwa anakwenda kutoa pole. Kwa miaka miwili alimuuguza Mzee Loïc huko Houston, nahodha mstaafu mzaliwa wa Saint-Malo, mkali, aliyekataa dawa zote isipokuwa iliyokuja kwenye chupa ya mvinyo. Mzee alipofariki, Dorothea alimfumba macho, akapiga simu zinazotakiwa, akabadilisha shuka. Kesho yake akaanza na mgonjwa mwingine, mtaa wa Sharpstown. Majivu ya mzee yalitumwa kwa binti yake, Annick, kama kifurushi. Matanga hayakukaliwa popote.

"Yaani unapanda ndege kwenda kukaa msibani kwa wazungu," alisema Ndeshi, shoga yake wa kanisani, akimpeleka uwanja wa ndege. "Na mama yako mzazi ulimzikia parking, ukisikiliza kwa simu."

"Wakati ule makaratasi hayakuniruhusu kutoka."

"Sasa yanaruhusu. Nenda kwenu Rombo."

"Rombo wataniuliza mbona silii."

Ndeshi akaongeza mwendo.

Ni kweli. Tangu siku ya simu ile Dorothea hakuwa ametoa chozi, si kwa mama, si kwa wagonjwa, wala kwa kitunguu. Alidhani labda akikaa matanga kama inavyopasa, mbele ya watu wasiomjua, kitu kitafunguka. Kanisani waliamini kafuata manukato ya Kifaransa.

Mji wa Saint-Malo umezungushiwa ukuta wa mawe, na maji yakipwa hutoka kabisa, yakaacha mashua zimelala ubavu zikisubiri kugeuzwa. Kibao kilieleza kwamba zamani mabaharia wa pale walipora meli za watu kwa kibali cha mfalme. Dorothea alielewa. Hata Texas, ukishapata leseni, mengi yanakuwa halali. Mabaharia wa siku hizi walikunywa kahawa kando ya mashua za mbio. Wale wa kale wamebaki kuchorwa kwenye vikombe.

Annick alikuwa na duka la fulana za mistari, na aliishi juu yake. Dorothea alivua viatu mlangoni, akamkabidhi sukari kwa mikono miwili, akajifunga khanga, akaketi sakafuni.

"Kuna kiti," alisema Annick, kwa Kiingereza cha kuuzia watalii.

"Asante. Hapa panatosha."

"Baba alikuahidi kitu? Ile nyumba ya Houston?"

"Hapana."

"Basi umekuja kutaka nini?"

"Nimekuja kukaa."

Annick aliishika sukari kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. Mwishowe akaketi ukingoni mwa kiti chake mwenyewe, kama mgeni. Nje, shakwe walilia kwa niaba ya wote.

"Mimi na baba tulikosana," Annick akasema ghafla. "Nikawa nasema nitakwenda, nitakwenda. Mwishoni... alinitaja?"

Mwishoni mzee alitaja meli, moja baada ya nyingine, kisha mbwa.

"Alikutaja," alisema Dorothea. "Alikutaja sana."

Neno lilitoka laini, halikukwama popote. Annick akajifunika uso akaangua kilio, kilio cha msiba hasa, ambacho hata Rombo wangekipokea. Dorothea akasogea, akamkumbatia, vidole vyake kwa mazoea vikitafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono.

Ndipo alipoisikia upya sauti ya dada yake kwenye simu, siku ya mama: "Amekutaja sana, mdogo wangu." Laini vilevile. Kwa miaka mitatu sentensi hiyo ndiyo pekee aliyokuwa ameirithi, na sasa alijua jinsi inavyotengenezwa.

Alisubiri kitu kimpate. Mapigo ya Annick yalikuwa ya haraka kidogo, lakini mazuri. Yeye mwenyewe hakupatwa na kitu.

"Kwenu mnakaa siku ngapi?" Annick aliuliza alipopata sauti.

"Tatu."

Annick alishuka. Mlango wa duka ukasikika ukifungwa kwa ufunguo. Akapanda tena, akavua viatu, akaketi sakafuni kando yake. Chini, watalii waligonga kioo wakitaka fulana, wakagonga tena, wakaondoka.