Sakafu ya Rangi ya Miguu Yetu

Ninyi vijana mnaojenga, ketini kidogo. Mimi darasani sikukaa sana, ila sakafu nazijua kwa magoti.

Nakumbuka siku moja, nikiwa mke mgeni huku mlimani, juu ya Kiboriloni. Mume wangu alikuwa amemwaga simenti akaipaka rangi nyekundu, wa kwanza katika ukoo. Kila asubuhi niliisugua kwa nta hadi unaona uso wako. Mwenye viatu alivua mlangoni. Mwenye miguu mitupu alisalimia akiwa nje, akaenda zake. Tukajiona tumeendelea. Kumbe uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wakati huo mume wangu na kaka yake, Elia, walikuwa hawasemezani, ugomvi wa maji ya mfereji. Mama mkwe alikuwa amekonda kwa ajili hiyo. Basi mvua imenyesha, Elia huyo anakuja na jani la sale mkononi. Kwetu, wanangu, anayekuletea sale anaomba yaishe, na hakataliwi. Akafika mlangoni, akaitazama sakafu, akaitazama miguu yake, tope hadi kifundoni. Mume wangu kiburi kimemkaa, hamkaribishi. Elia akageuka aondoke.

Mama mkwe alikuwa anatoka zizini. Akaingia na samadi yake miguuni, akaikanyaga sakafu yangu hadi ukutani, akarudi mlangoni.

"Imeshachafuka," akasema. "Ingia, mwanangu."

Elia akaingia, sale likapokewa. Ndiye aliyekuja kumzika mume wangu, miaka mingi baadaye.

Siku ile mimi nilikuwa nanung'unika na kitambaa changu. Mama mkwe akaniambia, "Nyumba ni watu. Chagueni rangi ya miguu yetu, nawe utapumzika."

Wanangu, nimechoka kurudia haya. Juzi wajukuu wangu, wanaojenga hapa hapa kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, wameleta vigae vyeupe pee, vinang'aa kama sahani.

"Bibi, ndiyo kisasa," ananiambia Elibariki.

Hicho kisasa atakipigia deki nani? Cheupe kinasema kila tone, cheusi kinasema kila vumbi, na cha maua utakichoka mtoto wa kwanza hajatembea. Chukueni rangi iliyotulia, ya udongo mkavu, ya jivu, ya mchanga. Tena kisiteleze, mimi mifupa ya akiba sina. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa atapitia wapi, kama sakafu inamfukuza?

Mungu awape nyumba isiyokosa nyayo za watu, na mgongo wa kuzifuta.

Kwangu nimeshasema. Vile vyeupe virudi dukani, viletwe vya rangi ya udongo. Na mzee Elia akitoka mgombani na fimbo yake, asiambiwe avue viatu. Aingie na tope lake, apewe kiti cha ndani kabisa.