Bromelia za Ghorofa ya Tatu

Bromelia ya kwanza ya Marlúcia Tavares ilidondoka kutoka kilimani. Upepo ulikuwa umevunja tawi kubwa la mti, likalala katikati ya barabara, na wapita njia walikuwa wakilizunguka huku wakinung'unika. Marlúcia alikuwa anatoka kazini, jikoni mwa shule moja ya msingi hapo Santos, mji wa bandari wa Brazili. Akasimama. Juu ya tawi lile kulikuwa na mmea ulioling'ang'ania gome kwa mizizi myembamba, majani yake yamejipanga duara kama ya nanasi ila mapana na laini zaidi, na katikati yake maji ya mvua yalikuwa bado yametulia. Aliubandua taratibu, akaufunga kwenye aproni yake ya kazi, akashuka nao hadi nyumbani.

Nyumbani alikuwepo dada yake mkubwa, Ivonete, aliyehamia kwake baada ya kuachana na mumewe. Waliishi ghorofa ya tatu ya jengo la zamani lisilo na lifti. Ivonete alishona mapazia ya watu kwenye cherehani iliyowekwa karibu na dirisha, na alikuwa mtu wa kusema jambo likiwa bado la moto. Marlúcia alipouinamisha mmea kwenye sinki amwage uchafu, alitoka na maji hayo chura mdogo kama ukucha, akaruka moja kwa moja hadi kwenye mfuniko wa sufuria ya maharage.

"Chagua," Ivonete alisema, keshapanda juu ya kiti. "Mimi au huyo."

"Huyu anaondoka leo leo, dada. Wewe uliniambia unakaa wiki mbili, na huu ni mwaka wa nne."

Chura alirudishwa kilimani ndani ya kikombe. Mmea ukabaki.

Mwanzoni Marlúcia aliulea kama alivyojua kulea mchicha. Aliujazia udongo mweusi kwenye chungu na kuumwagilia asubuhi na jioni, mpaka majani ya chini yakalainika na kuanza kunuka. Muuza maua mmoja wa sokoni alimcheka kwanza, kisha akamweleza. Mmea huu hauli kwa miguu, alimwambia. Mizizi yake ni ya kujishikia tu. Kinywa chake ni kile kikombe cha katikati ya majani. Basi Marlúcia alitupa ule udongo, akaupanda kwenye vipande vya magome na makumbi ya nazi, akawa anatia maji kidogo kikombeni, maji ya mvua akiyapata, na kuuweka mahali penye mwanga usio na jua kali la mchana.

Ukapona. Mwaka uliofuata ukatoa shina jekundu lenye maua ya manjano, na majirani wakapanda ngazi kuja kuliona. Baada ya hapo ukaanza kukauka. Marlúcia aliamini ameuua kwa mara ya pili, mpaka alipoona ubavuni mwake vichipukizi vimejitokeza. Ndivyo ulivyo: mama huchanua mara moja tu, kisha huwaachia watoto nafasi pole pole. Aliwaacha wanyonye mpaka walipofika nusu ya kimo cha mama, akawakata kwa kisu kilichochemshwa, akampa kila mmoja chungu chake.

Tangu hapo hakushikika. Alibadilishana na wanawake wenzake wa jikoni, alinunua, aliokota. Akawa na zenye mistari kama pundamilia, zenye miiba ukingoni, nyingine za zambarau kama nguo ya askofu. Bafuni alining'iniza ile isiyotaka chungu wala udongo, ambayo watu wa huko huiita ndevu za mzee, na Ivonete akalalamika kwamba sasa hawezi hata kuoga bila babu mmoja kumwangalia. Mmea mmoja ulipokataa kuchanua, Marlúcia aliufunga ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na tofaa lililoiva, kwa kuwa harufu ya tunda huuamsha. Ivonete alikuta tofaa lake limo mfukoni na mmea.

"Mimi nakula ndizi zilizochubuka," alisema, "na jani linaletewa tofaa."

Ukaja mwaka wa dengi, homa inayoenezwa na mbu. Kila nyumba ilikuwa na mgonjwa au ilikuwa imetoka kumuuguza. Ivonete aliamka asubuhi moja akisema macho yanamuuma kwa nyuma, na kufikia jioni hakuweza kushika kijiko. Siku zilizofuata homa ilishuka, wakadhani amepona, kumbe ndipo mambo yalipoharibika: fizi zikatoa damu, akaishiwa nguvu, wakamlaza hospitali na kumtundikia dripu.

Marlúcia alipokuwa akitoka kumwona, alimkuta Seu, yaani Bwana, Anselmo anamngoja mlangoni pa jengo lao. Huyu alikuwa mwendesha winchi mstaafu wa bandarini, naye wakazi walikuwa wamemchagua kuwa msimamizi wa jengo. Alimuulizia hali ya mgonjwa, akampa pole, akazungusha kofia mkononi. Kisha akasema kwa upole kwamba wakazi wamekutana na kuzungumza. Bromelia zile zinatuamisha maji. Mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Hakuna anayemlaumu, ila zingeondoka ingekuwa vizuri. Laiti angefoka, Marlúcia angejua la kujibu.

Alipanda juu akiwa na neno moja tu la kujitetea, kwamba yeye humwaga maji ya zamani na kuvisuuza vikombe kila wiki. Akachukua tochi ili ajithibitishie mwenyewe. Alipitia moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa safi. Halafu nyuma ya mashine ya kufulia akakuta moja ambayo hakukumbuka kuiweka pale, ile yenye miiba. Alipomulika kikombe chake, viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinajinyonganyonga ndani.

Alikaa chini sakafuni. Alifikiria mkono wa dada yake wenye sindano ya dripu. Hakulia; aliinuka, akaanza kuzibeba. Alishuka na kupanda ngazi zile tena na tena, akamwaga kila kikombe kwenye mfereji, akavipanga vyungu kando ya mapipa ya taka. Wale watoto wa bromelia ya kilimani aliwaweka mwisho. Aliporudi ndani, dirisha lilikuwa tupu, na nyumba ikatoa mwangwi kama ya watu waliohama.

Ivonete alirudi amekonda, amemwegemea mdogo wake begani. Alikaa kwenye kiti chake cha cherehani, akaangalia dirisha.

"Wamekwenda wapi?" aliuliza.

Marlúcia alilisikia lile neno. Dada yake hakusema zimekwenda. Alisema wamekwenda, kama mtu anayeulizia watoto.

"Nimewatupa, dada. Mmoja alikuwa na mbu."

"Yupi?"

"Yule wa miiba. Nyuma ya mashine ya kufulia."

Ivonete alifumba macho. Kisha akaeleza, kwa sauti iliyokuwa bado ya mgonjwa, kwamba yule alimweka yeye. Miiba yake ilikuwa inachana mapazia ya wateja, akamsogeza huko kwa siku moja, akamsahau. Wale wengine alikuwa akiwahudumia kila asubuhi Marlúcia akiwa shuleni. Aliwapangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, akawageuza ili wasipinde upande wa mwanga. Alikuwa anawasimulia habari za wateja.

"Miaka yote hii unawatukana," Marlúcia alisema.

"Nakutukana wewe. Wao wamenikosea nini?"

Hapo ndipo Marlúcia alipolia, na dada yake akamwacha alie mpaka amalize.

Watu wa afya walikuja na tochi zao. Walikuta viluwiluwi kwenye mfereji wa bati uliozibwa na majani juu ya gereji, na kwenye trei ya nyuma ya friji ya nyumba moja ya chini. Nani angeweza kujua ni mbu wa wapi aliyemuuma Ivonete? Marlúcia hakufarijika sana kwa habari hiyo, ila aliacha kujihukumu peke yake.

Ivonete alipopata nguvu kidogo akawa anashuka akae uani kwenye jua. Siku moja aliinua macho, akaona kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza majani yenye mistari ya pundamilia. Kwenye baraza la wenzi vijana wa ghorofa ya pili kulikuwa na ile ya zambarau. Watu walikuwa wamezikataa mkutanoni, kisha mmoja mmoja wakashuka kuziokota. Na kupitia dirisha la sebule ya Seu Anselmo akaona, juu ya televisheni, nyingine imekaa kwenye chungu kipya cha rangi. Ivonete alimwita mdogo wake, wakaenda kugonga.

Seu Anselmo alifungua, akaangalia walikoangalia, akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Mke wangu alisema ni dhambi kutupa kitu kizuri namna ile," alisema.

"Na mbu wake umemchukua, Seu Anselmo, au ulimwachia jirani?" Ivonete aliuliza.

Mzee aliwasogezea viti. Akawakaribisha kahawa. Marlúcia aliingiza kidole chunguni: mzee alikuwa ameushindilia mmea udongo wa bustani na kuumwagilia kama kabichi, majani ya chini yameanza kulainika. Aliomba kisu na gazeti kuukuu, akautoa palepale mezani, akamwonyesha pa kutilia maji na jinsi ya kuyamwaga. Alimwambia pia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuozesha mmoja kwa namna hiyo hiyo.

Hawakudai kurudishiwa. Ivonete alitaka, Marlúcia akakataa. Alisema akianza kudai itabidi agombane na jengo zima. Walichoomba ni watoto, kila mama akizaa. Seu Anselmo aliusafisha mfereji wa gereji kwa mikono yake, na ikawa desturi kwamba Jumamosi kila mwenye bromelia anamwaga maji ya zamani na kusuuza. Ivonete husimama kwenye ngazi na kuita majina ya wanaochelewa.

Wale watoto wa bromelia ya kilimani hawakuonekana kwa mtu yeyote. Huenda lori la taka liliwahi. Marlúcia aliwaulizia mpaka akachoka, na hata leo akipita barabara ile baada ya upepo hutembea polepole, macho yakiwa kwenye matawi.

Viungo vya Ivonete viliuma kwa miezi mingi, na kazi ya mapazia aliipunguza. Dirisha limeanza kujaa tena kidogo kidogo. Bafuni zimening'inia ndevu mpya za mzee, safari hii amezitundika Ivonete mwenyewe, na asubuhi Marlúcia akiwa anavaa viatu vya kazini humsikia humo ndani akimwambia babu asogee, anamzibia maji.