Jilala na Mwendo wa Kupalilia Karanga

Huku Ushetu, mtu akishaambiwa ana ugonjwa wa moyo, kazi yake ya kwanza ni kukaa. Atatafutiwa kiti chenye mgongo, atawekewa mto, na kuanzia siku hiyo hata kikombe cha uji hakiinui bila mtu kumkimbilia. Watu hufanya hivyo kwa upendo, na ukiwazuia watakuona huna utu. Ndivyo Jilala Ndaki alivyokalishwa mwezi Januari kama bwana harusi, ila harusi yenyewe haikuwa na siku ya kwisha.

Jilala alikuwa ningi wa kikundi cha bugobogobo, ngoma ya kulimia, kwa miaka ishirini na sita. Ningi ndiye mwenye wimbo. Wakulima hujipanga mstari mmoja shambani, ngoma zinalia nyuma yao, na yeye ndiye anayeamua majembe yapande na kushuka kwa kasi gani. Kikundi kililima kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na Jilala hakuwa wa kusimama pembeni akiimba huku wenzake wanatoka jasho. Aliimba huku analima, akalirusha jembe hewani, akalidaka, wimbo haukukatika. Hadi Ushirombo walimjua. Naye alijua kwamba anajulikana, tusidanganyane.

Siku ya tukio walikuwa kwenye palizi ya mahindi. Kifua kilimbana, maumivu yakapanda hadi kwenye taya, mkono wa kushoto ukaingia ganzi. Yeye akasema ni gesi, maana wanaume wa kwetu kila kitu kilicho kati ya shingo na kiuno ni gesi. Mkewe Melania alimwona jinsi alivyoliegemea jembe, hakubishana naye, akaita bodaboda. Hospitalini waliambiwa kwamba mshipa mmoja unaopeleka damu kwenye moyo ulikuwa umezibwa na mafuta, na kwamba ule ulikuwa mshtuko wa moyo. Alipewa dawa za kumeza maisha yake yote, na vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Akakatazwa tumbaku. Jilala, ambaye kila msimu aliionja tumbaku yake mwenyewe kabla mnunuzi hajaiona, aliiacha siku hiyo hiyo na hakurudi nyuma.

Kuacha tumbaku hakukumtisha. Kiti ndicho kilichomtisha. Kikundi chao kina desturi: kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi mwezi Novemba, wanakubaliana nani awe ningi wa msimu. Ningi asiyeweza kulima anakabidhi. Hakuna ugomvi wala matusi. Anashukuriwa, anapewa nafasi ya kukaa na wazee, na wimbo unahamia kwa mwingine. Cornel, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye sauti nzuri na haraka nyingi, alikuwa ameshaanza kushika nafasi hiyo. Kwa hiyo Jilala alikuwa na miezi kumi ya kuthibitisha kwamba bado ni mtu wa shambani.

Mwezi Aprili, hospitali ilimpeleka kwa Hosiana, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, binti mwembamba mwenye saa kubwa mkononi. Alimwambia atembee kwenye korido, aende na kurudi kwa dakika sita, kisha wapime amekwenda mita ngapi. Jilala alikwenda mita mia mbili na sitini, akihema. Katikati ya safari alipitwa na kikongwe mwenye kandambili aliyekuwa akielekea chooni, na jambo hilo lilimuuma kuliko kifua.

"Mzee Jilala, umekaa mno," Hosiana alimwambia.

"Nimekalishwa, mwanangu."

Hosiana akamweleza. Mishipa ya damu ina utando laini kwa ndani. Mtu asipotikisika, utando ule unalala na mishipa inakakamaa. Akitembea kwa kasi ya kumtoa jasho, damu inapita kwa nguvu, inausugua, unaamka, nao unaiamuru mishipa itanuke. "Mafuta yaliyoganda hayatayeyuka kwa sababu umetembea, sitaki kukudanganya," alisema. "Lakini mishipa inalainika, na moyo unapata damu yake bila kupigana."

Jilala alilielewa hilo kuliko alivyotarajia. Amewamba ngoma tangu ujana wake, na anajua kwamba ngozi ukiitundika ukutani bila kuigusa itageuka ubao, lakini ile inayofikichwa kwa mikono kila siku hulainika.

Kisha Hosiana akampa kipimo anachowapa wote. Atembee nusu saa, siku tano kwa wiki. Mwendo uwe wa kumwezesha kuzungumza na mtu, ila asiweze kuimba. Akiona anaweza kuimba, ajue amezembea, aongeze kasi.

Nyumbani Melania alikataa katakata. Alisema hajawahi kusikia dawa ya uchovu ikawa kuchoka. Walibishana siku mbili, na siku ya tatu akakubali kwa sharti moja: yeye atatembea nyuma yake, vidonge vya chini ya ulimi vikiwa vimefungwa kwenye pindo la kanga. Majirani waliwaona wakipita asubuhi, mume mbele, mke hatua kumi nyuma, hawabebi chochote, hawaendi popote. Wengine walimhurumia Melania kwamba mzee sasa ameguswa kichwani pia.

Hapo ndipo Jilala alipofanya kosa ambalo nadhani hakuna mwingine wilaya nzima angelifanya. Alianza kutembea, akajipima kwa kuimba, akaona anaimba vizuri tu. Akaongeza kasi. Bado anaimba. Wiki ya tatu alikuwa anapanda kile kilima cha kwenda kisimani karibu na kukimbia, na wimbo unatoka kifuani mwake umenyooka, beti kwa beti. Moyoni alifurahi, akajiona amepona kabla ya wagonjwa wenzake wote. Asubuhi moja ya Juni, juu ya kilima hicho, kifua kikamshika tena. Alikaa chini kwenye majani yenye umande. Melania alifika mbio, akafungua pindo la kanga kwa meno, akamwekea kidonge chini ya ulimi, akakaa naye akiwa amemshika bega mpaka maumivu yalipoondoka. Hakumgombeza. Alilia tu, na Jilala, ambaye hakuwa amemwona akilia tangu walipomzika mama yake Melania, aliona aibu kubwa.

Hospitalini walimpima umeme wa moyo, wakamlaza siku mbili, wakaona hakuna kilichoharibika zaidi. Hosiana alikuja kitandani na daftari lake.

"Mzee, nilikwambia usiweze kuimba."

"Na mimi nilikuwa naweza. Kwa hiyo nikaongeza, kama ulivyosema."

"Ulikuwa unapanda kilima kwa kasi hiyo na unaimba?"

Melania ndiye aliyejibu. "Huyu baba ni ningi. Miaka ishirini na sita anaimba huku analima. Hata ungemfunga gunia la mahindi mgongoni angeimba."

Hosiana alifunga daftari. Alisema kosa ni lake, alipaswa kumwuliza mzee anafanya kazi gani badala ya kuandika mkulima na kuendelea. Kipimo cha kuimba ni cha watu wa kawaida, na pumzi ya mzee huyu imefundishwa kuficha uchovu hata kwa mwenyewe. Jilala alisikiliza kwa unyenyekevu wote, lakini siwezi kuficha kwamba kusikia pumzi yake imekishinda kipimo cha hospitali kulimpendeza kidogo, hata akiwa amelala pale na waya kifuani.

Wakatafuta njia nyingine. Hosiana aliweka vidole kwenye kifundo cha mkono wake, akamwonyesha mahali mshipa unapopiga, akasema mapigo yasizidi mia na kumi kwa dakika. Jilala hana saa, na kuhesabu huku anatembea kungemchanganya. Akafumba macho, akaomba ampigie huo mwendo wa mia na kumi. Hosiana akatazama saa yake, akagonga meza kwa kalamu. Jilala akasikiliza mapigo manne, matano, akatabasamu.

"Huo ni mwendo wa kupalilia karanga," alisema. "Sio wa kuvunja ardhi, huo uko juu. Karanga, kwa sababu ukienda kasi unakata mizizi."

Akaanza kuugonga mwenyewe kwenye chuma cha kitanda. Hosiana akahesabu dakika nzima: mia na nane. Akamwambia aache, apumzike, kisha agonge tena. Mia na nane.

Tangu siku hiyo Jilala alitembea na vidole viwili kwenye kifundo cha mkono. Mapigo yakikimbia mbele ya wimbo wa karanga, anapunguza hatua. Yakibaki nyuma, anaongeza. Julai, Agosti, Septemba, vumbi na jua, hakuacha ila Jumamosi na Jumapili, na siku ya msiba wa jirani. Melania alipungua kilo nne bila kukusudia, na presha yake yeye ikashuka. Kufikia Septemba hakuwa tena nyuma hatua kumi. Walitembea sambamba, na Melania ndiye aliyekuwa akimwongoza mumewe.

Oktoba walirudi kwenye korido. Mita mia nne arobaini na tano. Palikuwa na madaktari waliokuwa wakifanya utafiti wao, nao walimfunga mkanda wa presha mkononi, wakaubana dakika tano, wakauachia, huku wanatazama mshipa wake kwenye kioo cha mashine. Walikuwa wamempima hivyo hivyo Aprili. Walimwonyesha picha mbili: katika ile ya zamani damu iliporudi mshipa haukujali, katika hii mpya ulifunguka. Jilala aliomba aitazame mara ya pili. Alisema amefurahi, na akasema tena kwamba amefurahi, akitikisa kichwa. Daktari alimruhusu kushika jembe jepesi, aanze taratibu, asishindane na mtu, na asimame mara moja kifua kikisema neno.

Novemba, mvua mbili zilipokwisha kunyesha, kikundi kilikutana kwenye shamba la Vumilia, mjane ambaye zamu ilimwangukia kwanza. Cornel alisimama akasema kwa heshima kwamba mzee ameteseka mwaka huu, na wote wangependa kumwona akipumzika pembeni kama baba yao. Aliyasema kwa nia njema. Jilala alimshukuru, akachukua jembe, akaenda kusimama katikati ya mstari, akaomba wampe shamba hili moja. Hakuna aliyemkatalia.

Alianza kwa ule mwendo wa karanga. Vijana walitazamana, kwa sababu siku ya kwanza ya msimu watu huvunja ardhi kwa fujo, majembe yanaruka, wanawake wanapiga vigelegele, na kufikia saa nne nusu ya mstari imelala kivulini. Cornel alijaribu mara mbili kuisukuma ngoma mbele. Mara zote mbili Jilala aliirudisha kwa sauti tu, bila kumtazama. Hakurusha jembe hewani hata mara moja. Saa nne ilifika, hakuna aliyelala. Saa tano Jilala alisimama kunywa maji, akaweka vidole mkononi, akarudi. Kabla ya saa saba shamba la Vumilia lilikuwa limekwisha, na kipande cha jirani yake ambacho hakikuwa kwenye hesabu ya siku hiyo kilikuwa kimelimwa pia. Watu walisimama wakitazama ardhi nyekundu waliyoigeuza, wakishangaa miguu yao wenyewe.

Melania alikuwa amekaa na wanawake wenzake kando ya sufuria za ugali. Mmoja alimwuliza kama haogopi. Alijibu kwamba aliogopa mwaka mzima na sasa imetosha, na kwamba yule pale katikati, mwenye shati lililolowa mgongoni, ni mume wake. Alisema kwa sauti, ili wote wasikie.

Cornel alikuja kwa Jilala akiwa bado ameshika jembe.

"Ningi," alisema, "wiki ijayo ni shamba langu. Ekari tatu, na chini kuna mawe. Naomba uje ulime."

Tangu Januari watu wote waliompenda Jilala walikuwa wakimwomba akae. Huyu alikuwa wa kwanza kumwomba aje kufanya kazi. Jilala alipangusa uso kwa kiganja, akamjibu kwamba atakuja.