Mlango wa Bafu Uliofungukia Ndani

Siku fundi alipochora bafu letu tulikuwa watano uani, hapa Lodwar: mimi, dada yangu anayenifuata, ambaye mguu wake mmoja ulilemaa utotoni, kitindamimba wetu, naye msichana, mama jirani, na fundi mwenyewe. Nawataja wote kwa sababu sasa tumebaki wanne. Fundi amefariki kwao Kakuma, na Jumamosi iliyopita nilikuwa miongoni mwa waliomfukia. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba niliacha shule darasa la saba, wazazi walipotutoka, ili hawa wadogo wangu wapate kula. Ambalo sijawahi kuandika ni kwamba kitindamimba ndiye aliyekuwa akimwogesha dada yake, nyuma ya nyumba, kila jioni. Mwaka ule alikuwa amepata nafasi ya chuo Eldoret. Mimi ni mwanamume, nisingeweza kushika kazi hiyo. Ama dada aweze kuoga peke yake, ama mdogo wetu abaki nyumbani.

Nilimwonyesha fundi picha kwenye simu, bafu la hoteli moja ya mjini, lenye vigae vyeupe na bomba la mvua. Aliitazama, kisha akatazama mitungi yetu ya maji chini ya mwarobaini. “Na hii maji yako itapanda huko juu aje?” aliuliza. Mama jirani akacheka. “Mwache, fundi. Huyu siku hizi ni mkubwa wa kaunti.” Fundi hakucheka. Aliomba majivu jikoni, akachora kuta chini kwa mkono, akaweka mtungi, beseni na kigoda ndani ya mstari, kisha akamwambia dada, “Ingia uoge, binti yangu. Na nguo yako hivyo hivyo.” Dada aliona haya, lakini akaingia. Akachota maji yasiyokuwepo, akajisugua mgongo, akageuka, na mkongojo wake ukakanyaga majivu. “Umebomoa ukuta,” kitindamimba akasema, na sote tukacheka, dada pia. Fundi akafuta mstari kwa kiatu, akausogeza. Hakutoa futi ya kupimia hata mara moja. Alichukua mkongojo, akaulaza chini mara mbili kwa upana, mara mbili na nusu kwa urefu. “Kipimo ni mwenye kuoga,” alisema. Kigoda kikawa cha saruji, kikashikana na ukuta. Sakafu ikainamia kwenye mwarobaini, maji machafu yakanyweshe mti.

Tuligombana kwa jambo moja tu, mlango. Yeye alitaka ufungukie nje. Mimi nilitaka ufungukie ndani, kwa sababu upepo wa hapa ukishika mlango ulio wazi unang'oa bawaba. “Akianguka huko ndani, nani atafungua?” aliuliza. Nikamjibu kwamba katika boma hili mimi ndiye mkubwa. Akaujenga nilivyosema. Kitindamimba akaenda chuo. Miezi miwili dada alioga peke yake, na nilizoea kumsikia akiimba nyimbo za kanisani huko ndani. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu mama yetu alipokuwa akitupeleka mtoni Turkwel, anafukua mchanga mpaka maji yanatoka, anatuogesha mmoja mmoja. Wakati ule bafu halikuwa na ukuta wala mlango, na hakuna aliyeanguka.

Halafu asubuhi moja wimbo ukakatika. Nilisukuma mlango, ukakwama kwenye miguu yake. Nikasukuma tena. “Usiingie,” alisema, kwa sauti ya chini kabisa. “Sijavaa.” Nilisimama pale nimeshika mlango, mkubwa wa boma, siwezi kuingia wala kuondoka. Paa lilikuwa bado, kwa hiyo mama jirani alipanda juu ya pipa, akatupa shuka, kisha akajitupa mwenyewe. Dada alikuwa ameumia nyonga. Jioni hiyo aliniambia ataacha kuoga humo, na kwamba nimpigie kitindamimba simu arudi. Sikumpigia kitindamimba. Nilimpigia fundi.

Alitoka Kakuma na gari la kwanza. Alisalimia kwa Kiturkana, “Ejok,” akaugeuza mlango ufungukie nje, akaweka kulabu ukutani ya kuushika upepo ukija, na komeo linaloweza kufunguliwa kutoka nje kwa mpini wa kijiko. Hakuniambia kwamba alinionya. Nilipomuuliza nimpe nini alisema, “Mama yangu anaoga nyuma ya turubai. Siku moja kuja, tujenge yake pamoja.” Nikasema nitakuja mvua ikipita.

Mvua imepita mara nyingi. Siku hizi Lodwar inajengwa kila upande, na mabafu ninayoyaona yanaanzia kwenye simu, kama langu lilivyotaka kuanza. Yanapendeza. Mara nyingi hata hivyo mzee wa nyumba yenyewe anaoga nje kwa karai, kwa sababu hakuna aliyemwambia asimame kwenye majivu kwanza. Nimejifunza hilo kwa fundi: anayejenga ni mmoja, anayeanguka ni mwingine, na huyo wa pili ndiye aulizwe. Kitindamimba amemaliza chuo. Dada anaoga na kuimba.

Baada ya mazishi nilizunguka nyuma ya nyumba ya mama yake fundi. Turubai bado liko, limechanika upande wa barabara, na amelishona kwa uzi wa gunia. Aliponikuta pale aliniuliza, “Ni wewe ule mtu wa mlango?” Nikamjibu kwamba ni mimi. Nikamwomba fimbo anayotembelea na kipande cha uzi wa gunia, nikaulaza uzi juu ya fimbo, nikafunga fundo mwisho wa kipimo. Uzi huo uko mfukoni mwangu ninapoandika haya. Bafu lake bado sijalijenga.