Kimya cha Bei ya Katikati

Chini ya dirisha langu kule Kayole, orofa ya tatu, kuna kinu cha posho, cha kusaga mahindi, kinachoanza kunguruma saa mbili asubuhi na kunyamaza tu stima zinapopotea. Kando yake yuko fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Hao wawili nilikuwa nimewazoea kwa miaka sita. Kazi yangu ni ya nyumbani: nasikiliza mikutano ya watu iliyorekodiwa kwenye simu, kisha naandika walivyosema, neno kwa neno, na nilikuwa nimejifunza kusikiliza huku kinu kikinguruma. Kisha mama yangu akaja kutoka Kitui kutibiwa jicho.

Alikuja kwa wiki mbili. Jicho lilifanyiwa upasuaji vizuri, lakini daktari akamkataza kusuka kiondo mpaka lipone kabisa. Sasa mwanamke aliyesuka tangu utotoni, ukimnyima kiondo, kazi yote huhamia mdomoni. Mama alianza kuzungumza kwenye chai ya asubuhi na hakuwa na saa ya kufunga. Alizungumza nami, akajibizana na redio, na sufuria ikichelewa kuchemka aliiambia alichokuwa anafikiria kuihusu. Habari zake zilikuwa tamu, nisimsingizie. Shida ni kwamba zilifika kwenye utamu pale pale mweka hazina wa chama fulani aliponong'ona jambo ambalo mimi nililipwa nilisikie.

Utaniuliza mbona sikumwambia tu. Mimi si mtu wa kuogopa kusema. Nimegombana na fundi wa milango, nimegombana na mwenye nyumba, na mhubiri wa kanisa la mabati la ng'ambo ya barabara ananijua kwa sauti. Lakini mama yangu haambiwi. Kaka yangu anayekaa Mowlem alimwambia mara moja, mpira ukiwa kwenye televisheni, "Mama, punguza kidogo." Mama akasema haya. Kesho yake asubuhi akafunga mzigo, akamshukuru mke wa kaka yangu kwa chai, akaondoka. Mwaka wa pili sasa hajalala tena kwenye nyumba ile. Ukimuuliza, anasema ni nyumba nzuri, ila ni ndogo. Ina vyumba vitatu vya kulala. Yangu ina kimoja.

Basi hofu yangu ilikuwa hiyo. Nilikuwa na mkutano wenye urefu wa saa tano wa kuandika, unaotakiwa Ijumaa, na aliyenipa kazi alikuwa ameshaniambia nikichelewa tena atampa mwingine. Nilitaka niumalize bila mama yangu kujua kwamba kelele ninayotaka kuizima ni yeye.

Ndipo nikaanza kutafuta vile vidude vya masikioni visivyo na waya, vinavyosemekana kuzima kelele. Vya kwanza nilivinunua kwenye Spine Road, kwa mtu aliyevitandaza juu ya gunia. Havikuzima chochote ila vyenyewe. Tena kimoja kilinitoka sikioni nikichungulia sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na hatukujua kilikokwenda mpaka Mama alipokitafuna. Alikitoa mdomoni, akakitazama, akasema mahindi ya Nairobi hayaivi.

Vya bei ya juu nilivitazama kwenye simu tu. Vilisifiwa sana, lakini nilijiona nikitembea Kayole navyo huku nimevifunika kwa viganja vyote viwili wezi wasivione, na bado ningehitaji mkono wa kubeba sukuma wiki. Nikaamua kununua vya katikati, na hapo ndipo mateso yalipoanza, kwa sababu bei ya katikati ndiyo yenye watu wengi. Kila jozi ilijisifu kuliko mwenzake. Nilitazama video za mabingwa wa kuvipima. Mmoja alivipima mbele ya feni. Mwingine alikaa mkahawani karibu na mtu anayekoroga kahawa, akatangaza kuwa kelele imepungua kwa kiwango cha kuridhisha. Hakuna aliyevipima mbele ya kinu cha posho, na bila shaka hakuna aliyevipima mbele ya mama yake.

Jumamosi nikaamua kwenda dukani nijaribu mwenyewe. Mama akasema atanisindikiza anyooshe miguu. Ningemkatazaje? Njia nzima nilimweleza habari ya kinu, jinsi kinavyoniumiza kichwa, jinsi nitakavyokikomesha. Nilikisema kinu vibaya mpaka nikakionea huruma.

Muuza duka alikuwa mwanamke wa rika langu, mchangamfu, amekaa katikati ya chaja na vioo vya simu. Alitoa boksi tatu, akazipanga mbele yangu.

"Kwani unataka kuzima nini, kastoma wangu?" akauliza.

Nikasema kinu cha posho. Nikasema kwa sauti ya juu kidogo, Mama asikie.

"Sasa posho mill nitakutolea wapi hapa? Wacha huyu mathe wako apige stori. Ukimsikia, tunajaribu nyingine."

Nilitaka kumziba mdomo, lakini Mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti. Anipigie stori gani, aliuliza, na yule mwanamke akamwambia yoyote ile, hata ndefu. Sidhani mama yangu aliwahi kuambiwa neno kama hilo maishani. Alirekebisha leso, akaanza ile ya mbuzi wa ntheo, yaani wale mbuzi watatu wanaopelekwa kwa kina msichana kufunga uchumba kwa desturi yetu Wakamba. Huyu mmoja alipelekwa Jumamosi na Jumapili akarudi kwa kina mvulana peke yake, kwa miguu yake. Swali lilikuwa, je, yule msichana ameolewa au hajaolewa? Nilikuwa nimeanza kuisikiliza hadithi hiyo kama mara nne. Mwisho wake sikuwa naujua, maana kila mara nilisingizia kazi.

Jozi ya kwanza ilikataa kukaa. Hapo ndipo nilipojua kwamba masikio yangu hayalingani, la kushoto linataka raba ya kuziba sikio ya saizi ya kati na la kulia ya mtoto. Tulipopata raba za kufaa, Mama akasikika kila neno, mbuzi akiwa bado kwa kina msichana. Jozi ya pili ilimfanya asikike kama yuko ndani ya tangi la maji, lakini alisikika, na mbuzi alishafika mtoni. Nikatikisa kichwa. Nadhani uso wangu ulikuwa umeanza kununa, maana muuza duka aliinama chini ya meza na kunong'ona kwamba ziko nyingine, za bei ya juu, ila hizo haziweki mbele za watu. Nikasema nitaziona.

Kwanza nikajaribu ya tatu. Nikabonyeza, nikamtazama Mama. Mdomo ulikuwa unakwenda, mikono inaonyesha mbuzi akivuka maji, nyusi zinapanda na kushuka, na sauti hakuna hata kidogo. Niligeuka kumtazama muuza duka, naye alikuwa amekodoa macho akimtazama Mama. Nikadhani ni kwa sababu hadithi imefika pazuri. Nilivinunua hapo hapo, wala sikuomba kupunguziwa. Mama alifurahi kuliko mimi, akasema hakika kile kinu sasa kimepata dawa.

Jumatatu nikaanza kazi nimeelekea ukutani, na kwa siku nne niliishi mbinguni. Kinu kilizimika kama kimenyang'anywa mkanda. Mama pia alizimika. Nikigeuka, namwona dirishani, mdomo unacheza, anazungumza na sufuria au na sukuma wiki, na mimi sisikii chochote. Siku ile ya kwanza alipiga chafya, nikamwambia pole, nikaendelea kuandika. Niliwasifia watu vidude vyangu mpaka wakaanza kunikwepa. Mwenzangu mmoja wa kazi hii hii, anayekaa Mathare karibu na baa, nilimshauri avinunue siku hiyo hiyo, na akavinunua.

Alhamisi, kama saa nne asubuhi, nilikuwa nimesimamisha rekodi nikitafuta kipande cha nyuma, ndipo nikasikia, "Hodi hapa." Ilikuwa sauti ya jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa Kiluhya anayefanya kazi ya zamu kiwandani, na ilinifikia safi, kila herufi, kama amenikalia begani. Nikadhani chaji imekwisha. Nikatazama, chaji iko. Nikachungulia dirishani, foleni ya kinu iko pale pale na vumbi la unga linapaa, na kinu chenyewe sikisikii. Basi vidude vilikuwa kazini. Nikageuka nusu. Jirani alikuwa amerudisha sinia letu, na Mama alikuwa anamjibu kwa furaha, mikono ikipaa, mdomo ukifunguka na kufumba, bila sauti.

Nilishikwa na hofu. Nilidhani mama yangu amepatwa na kiharusi cha koo, kama kipo.

"Mama, mbona leo unaongea bila sauti?" jirani akamuuliza. "Ni koo?"

Mama akanitupia jicho. Nami, sijui kwa nini, nikageukia ukuta haraka na kuanza kugonga vitufe vyovyote vile. Kinu kilikuwa kimezimwa masikioni mwangu, rekodi haichezi, kwa hiyo hata mnong'ono wake niliusikia wote.

"Usipaze sauti, anafanya kazi," Mama akasema. "Vile vitu havizimi watu. Vinazima kinu tu. Jumatatu nimepiga chafya akaniambia pole."

"Si anamwambia kila mtu kwamba kule dukani hakukusikia kabisa?"

"Dukani nilichezesha mdomo. Ningeongea angechukua vile vya bei kubwa, na kodi yake ni wiki hii."

Jirani akauliza kama mimi najua.

"Hajui. Anavifurahia sana. Jumamosi nitaenda nyumbani, nisije nikajisahau nikaongea."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Masikio yaliwaka moto chini ya vile vidude vyangu nilivyovichagua kwa akili nyingi hivyo. Siku nne mtu mzima, mwenye jicho moja lililofungwa bandeji, amekaa ndani ya nyumba yangu akiniigizia kimya, hata pale nilipogeuka ghafla. Nilikuwa nimemficha mama yangu siri aliyoijua kabla sijafika dukani. Machozi yakanitoka, nikayafuta kwa kisingizio cha vumbi la unga, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa.

Jirani alipoondoka nilisubiri kidogo, kisha nikageuza kiti chote. Mkutano wa chama ulikuwa umebakiza dakika arobaini. Nikauacha hapo.

"Mama," nikamwambia, "yule mbuzi aliyevuka mto, mwishowe waliamua ni wa nani?"

Mdomo wake ukaanza kucheza bila sauti, kwa mazoea ya siku nne. Nikamwambia sisikii. Akaacha. Akanitazama, akatazama masikio yangu, akanitazama tena.

"Na hivyo ulivyovaa?"

"Hivi ni vya kinu, Mama."

Nadhani alikuwa anahesabu nimejua tangu lini. Kisha akaja, akavuta kiti cha plastiki mpaka magoti yetu yakakaribiana, akarekebisha leso. Hadithi hakuiendeleza pale mtoni. Aliirudisha mwanzo kabisa, kwa babu ya yule mvulana na tabia zake, na nilivyovivaa sikuvivua, kwa sababu kinu kilikuwa kimezimika na sauti iliyobaki ilikuwa yake peke yake. Ilichukua saa moja na robo. Mbuzi alivuka mto, akalala kwa watu, akala mboga za mwalimu. Wazee wa pande mbili walikaa kwa ajili yake mara tatu.

Hatimaye, Mama akasema, waliamua kwamba msichana ameolewa na mbuzi ni wa kwao msichana. Ila mbuzi akirudi kwa kina mvulana kutembea, asifukuzwe.

Ijumaa mkutano niliupeleka kwa wakati. Jumamosi hakuna aliyefunga mzigo.