Vipele vya Bi Harusi na Sungura Wangu Pamba

Nyinyi chekeni tu, maana mimi kila nkiikumbuka harusi ya Rukia natamani nijifunike mkeka gubigubi, kwani mimi ndo nlokuwa somo wake, nlomfunda na kumsinga, mtu mzima na heshima zangu hapa Jang'ombe, na aibu yote ile ilitoka kwenye masikio ya sungura.

Sungura mwenyewe wangu, mweupe, namwita Pamba (mke wa mwanangu kaniachia walipohamia Kiembe Samaki, nami nkampenda kuliko kuku wangu wote). Basi wiki ile ya harusi nkamuona ana vigaga masikioni na puani, vinene, kama uji ulokaukia sufuriani, na kutwa anajikuna kwa mguu wa nyuma. Nkampigia simu mke wa mwanangu, akanambia, "Mama, usimshike hivi hivi, mpeleke kwa daktari wa mifugo, huenda ni upele huo." Nkamwambia upele gani, sungura mwenyewe mmoja banda zima, ataambukizwa na nani, huyu kang'atwa na panya, na panya wa uani kwangu nnawajua.

Basi kila asubuhi nampakata Pamba juu ya kanga, nambandua vigaga kwa kucha, nampaka mafuta ya nazi na manjano, nasuuza mikono juu juu, kisha naingia nyumba ya pili kwa Bi Asha kumsinga mwanawe, Rukia. Na kanga ni ileile. Rukia analaza mikono mapajani pangu, analaza na shingo, nami namsugua singo ya liwa na maua, ngozi ilainike, huku nampa maneno ya ndoa, mwenyewe nimeridhika kabisa.

Siku ya kumtoa nje, atazamwe na kutunzwa, ikafika. Ukumbi umejaa wanawake, udi unafuka, Rukia kakaa kwenye kiti chake macho chini, mikono juu ya magoti hina ionekane, na mnajua bi harusi wetu hatikisiki, akijitikisa tu watu wanasema. Mimi nko ubavuni nampepea. Mara namsikia, bila ya kufungua mdomo, "Somo, nnawashwa."

"Vumilia, mwanangu."

"Nshavumilia tangu jana."

Nkainama kama namtengeneza shela, nkaangalia. Vipele vyekundu vimeota katikati ya maua ya hina, vimepanda mpaka shingoni. Na mimi mkono wangu ulikuwa ukiniwasha tangu asubuhi, nkawasingizia mbu, sasa nkaingiza kidole ndani ya dera nkapapasa: vipele vilevile. Moyo ukanambia, Pamba huyo. Nkazidi kupepea, naomba watu watunze upesi watoke.

Akaja Bi Zuwena, shangazi yake bwana harusi, na bangili za dhahabu kwenye kisanduku. Akaushika mkono wa Rukia amvike, akasita.

"Huyu mtoto ana nini?"

"Hina hiyo, bibi," Bi Asha akadakia. "Ile piko nyeusi imemchoma."

"Piko haimfiki mtu shingoni." Akazirudisha bangili kisandukuni, taratibu, kifuniko nkakisikia kinavyofunga. "Kama ana maradhi tungeambiwa mapema. Mwanetu hatomchukua leo."

Safu ya mbele ikasikia, ikaipasia ya nyuma, ukumbi ukapoa. Rukia macho bado chini, chozi linachirizika na wanja. Bi Asha ananiangalia mimi, maana ngozi ya mwari anaijua somo, neno langu moja linatosha. Na uwongo nlikuwa nao mdomoni tayari (wallahi nlikuwa nao, ningesema joto, ningesema kala pweza kamdhuru), nkaliangalia lile chozi, nkashindwa.

Nkasimama nkapandisha mkono wa dera mpaka begani, kila mtu aone. "Mtoto hana maradhi. Vipele hivi vya sungura wangu."

"Vya nani?"

"Sungura. Asubuhi namtibu yeye, kisha namsinga mtoto, kwa kanga moja."

Mtu huko nyuma akacheka, ukumbi mzima ukamfuata. Bi Zuwena hakucheka. Akauangalia mkono wake alomshikia Rukia, akaufuta kwenye buibui. "Nipeleke nkamuone huyo sungura."

Basi fikirini, msafara wa wanawake na dhahabu zao, viatu virefu kwenye matope ya uani kwangu, wameinamia banda, Bi Zuwena kawasha taa ya simu anammulika Pamba masikio. Akaangalia weee, kisha akanambia, "Weye ndo somo? Kheri angefundwa na sungura." Lakini akarudi ukumbini akamvika Rukia bangili (kwa ncha za vidole), na mtoto akaenda kwa mumewe.

Kesho yake nkampeleka Pamba kwa daktari wa mifugo, akakwangua kigaga akatazama, akasema ni vidudu vinavyochimba ngozi, manjano hayavifiki. Akamchoma sindano, akataka nimrudishe kwa nyengine, akanikataza kubandua vigaga, na majani yote ya bandani nkayachoma moto. Sisi watu tukapewa dawa yetu hospitali. Pamba kapona. Bwana harusi naye alijikuna kidogo, kanisamehe.

Tangu hapo nshaapa, mnyama akiota kidonda nauliza kwanza ndo namgusa. Lakini watu hawasahau. Juzi nkaitwa mtaa wa pili kumsinga mwari mwengine, hata viatu sijavua, mama mtu kanishika mkono kanipeleka bombani, kasimama na sabuni juu ya kichwa changu.

"Na kucha, Bi Time."

Nkaosha mpaka viwiko, kucha nkazisugua moja moja.